Nyonga Ikivunjika Kilwa, Chuma Kipi?

Mzee wa Kilwa Kivinje akiteleza uani, akashindwa kusimama, na mguu ukaonekana mfupi tena umepindukia nje, yaelekea nyonga imevunjika. Ndugu wakishakusanyika, swali huwa ni la chuma cha kuwekewa: kile kizuri kinapatikana Lindi, au mpaka hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam? Nadhani tunaliuliza mapema mno. La kwanza ni kujua mfupa umekatikia wapi. Kichwa cha paja hupata sehemu kubwa ya damu yake kwa mishipa inayopanda kwenye shingo ya mfupa. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa nayo huchanika, na kwa mzee kichwa hicho mara nyingi hufa hata kikifungwa skrubu vizuri. Ndiyo maana daktari hukitoa akaweka cha chuma. Mfupa ukikatika chini ya shingo, damu ipo na utaunga. Kinachohitajika ni kuushikilia, ama kwa bamba la ubavuni lenye skrubu nene inayoteleza, ama kwa msumari unaopita ndani ya uboho.

Wapo watakaosema nyonga nzima ya bandia, kichwa pamoja na kikombe chake, lazima iishinde nusu, yaani kichwa peke yake. Utafiti uitwao HEALTH, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wagonjwa wa shingo ya paja karibu 1,500 katika nchi 10. Ndani ya miaka miwili, waliohitaji kufanyiwa tena upasuaji walikuwa asilimia 7.9 kwa nyonga nzima na 8.3 kwa nusu. Nyonga nzima iliwapa nafuu zaidi, lakini ndogo. Hali ni hiyo hiyo kwa bamba na msumari: mfupa uliokatika bila kusagika hushikwa vyema na bamba, ambalo ni la bei nafuu. Msumari una haki yake pale mfupa umevunjika vipande vingi au ufa umeelekea kinyume, na hapo kubana matumizi ni kumwonea mgonjwa.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema mzee asipasuliwe, avutwe mguu kwa mawe kitandani mpaka mfupa uunge. Woga wao nauelewa, kwani upasuaji wa mzee una hatari zake. Lakini wiki nyingi za kulala chali huleta vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda miguuni, na hayo ndiyo yanayoua. Kungoja chuma cha kifahari nako ni kulala kitandani. Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 300, na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika kabisa. Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, mkifika hospitali ya Sokoine pale Lindi au nyingine yoyote, muulizeni daktari mfupa umekatikia wapi, na ni upasuaji gani sahihi unaoweza kufanyika ndani ya siku mbili. Bei ya chuma iulizeni baadaye.