Santuri za Mzee: Jinsi ya Kujenga Sistimu ya Muziki Nyumbani kwa Bajeti Ndogo, Bila Kutapeliwa

Je, kwenu kuna lile boksi la santuri chini ya kitanda? Familia nyingi za Kenya bado zinalo. Ni zile sahani nyeusi za muziki ambazo Mzee alinunua River Road enzi za Fadhili William, Daudi Kabaka na baadaye Les Wanyika. Boksi lipo, vumbi lipo, lakini mashine ya kuzicheza iliharibika zamani na hakuna anayekumbuka ilienda wapi.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa na boksi kama hilo. Babake aliaga akaacha santuri ndogo kama 40 nyumbani Nakuru. Mwaka jana, mamake alimwambia kitu kimoja tu: "Kijana wangu, kabla hizi vitu hazijatupwa, nataka kusikia ule wimbo wa harusi yetu." Ombi dogo, sivyo? Lakini lilimgharimu miezi kadhaa na pesa ambazo hakupanga kupoteza.

Tumeomba ruhusa yake tukusimulie, kwa sababu ndani ya hadithi yake kuna masomo mawili: namna ya kujenga sistimu ya santuri kwa bajeti ya kawaida, na namna ya kulinda pesa zako unaponunua vitu vya mtumba kwa simu.

Kwanza, alivyopoteza 6,000

Aliona tangazo mtandaoni. Pleya ya santuri, picha safi, bei poa kuliko zote. Muuzaji akasema yuko mji mwingine na kuna wateja wengine wanaingoja. "Tuma dipoziti ya 6,000 nikuwekee, nitaituma na basi kesho." Namba ilikuwa ya mtu binafsi. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN halikuwa lile la kwenye tangazo. Alipouliza, akajibiwa, "Hiyo ni laini ya wife."

Akatuma. Kesho yake simu ikazimwa.

Ndiyo, ni mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo. Anajua kila kitu tunachowaambia wateja. Lakini alikuwa na haraka, na mama alikuwa anangoja. Utapeli mwingi hufanya kazi hivyo: mtu huwa anajua sheria, ila haraka inamfanya aziruke. Alipotupigia kuripoti, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala.

Akaanza upya. Safari hii alipanga.

Sistimu ya santuri ina nini ndani yake?

Usitishwe na majina. Ni vitu vinne tu, na kila kimoja kina kazi yake:

1. Pleya. Inazungusha santuri, na mkono wake una katriji na sindano inayosoma mifereji.
2. Prii-ampu. Kiboksi kidogo kinachokuza ile sauti hafifu inayotoka kwenye sindano.
3. Amplifaya. Inaipa sauti nguvu ya kusukuma spika.
4. Spika mbili. Moja kushoto, moja kulia.

Watu wengi husahau hicho cha pili. Umeme unaotoka kwenye katriji ya kawaida ni milivolti 5 hivi, kidogo sana ukilinganisha na unaotoka kwenye simu yako. Isitoshe, santuri inapotengenezwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na mikwaruzo isisikike sana. Prii-ampu ndiyo inayorudisha besi mahali pake. Ukichomeka pleya moja kwa moja kwenye AUX bila prii-ampu, utasikia kasauti kembamba kama redio ya jirani, na utadhani umeuziwa kitu kibovu.

Habari njema: pleya nyingine huja na prii-ampu ndani yake. Mfano ni Audio-Technica AT-LP60X, ambayo wengi huanza nayo. Pia amplifaya nyingi za zamani zina tundu limeandikwa PHONO, na hilo lina prii-ampu tayari. Unahitaji moja tu. Ukipitisha sauti kwenye prii-ampu mbili, itakwaruza vibaya.

Bajeti: alitumia 28,000

Aliweka 3,500 kila mwezi kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, kuanzia Februari hadi Septemba. Miezi 8, shilingi 28,000. Hakukopa hata bob. Hakukuwa na haja ya kulipa riba kwa kitu cha kustarehesha roho. Aligawa hivi:

- Pleya ya mtumba: 11,000
- Sindano mpya: 2,500
- Prii-ampu: 2,500
- Amplifaya ya mtumba: 5,000
- Spika mbili za mtumba: 6,000
- Nyaya, brashi na kitambaa: 1,000

Hizo ni bei alizopata yeye baada ya kuzunguka Luthuli Avenue na Kenyatta Market, ambako kuna kibanda kinachojulikana sana kwa santuri za zamani. Zako zinaweza kupanda ama kushuka. La muhimu ni mgawanyo: pesa kubwa iende kwenye pleya na spika, na usiwahi kuruka sindano mpya.

Kwa nini? Sindano iliyochakaa hula mifereji ya santuri, na mfereji ukishaliwa haurudi. Santuri ya Mzee huwezi kuinunua tena dukani, sindano unaweza.

Kama 28,000 ni mbali, anza na subwoofa iliyoko nyumbani. Nyingi zina AUX, kwa hivyo unahitaji pleya na prii-ampu tu. Spika na amplifaya zitakuja baadaye.

Na zile pleya za sanduku zenye spika ndogo ndani? Bei yake inavutia, lakini nyingi huegemeza sindano kwa uzito wa gramu 5 hivi, wakati katriji ya kawaida hutaka karibu gramu 2. Spika pia zimekaa palepale na sindano, zinaitikisa. Kwa santuri unazozithamini, ngoja miezi miwili mitatu ununue kitu bora.

Kabla ya kulipa, soma nyuma ya mashine

Hapa ndipo mwenzetu alikaribia kupoteza tena. Alipata pleya nzuri ya kutoka Japani, 7,000 tu. Fundi aliyekwenda naye akaigeuza, akasoma kibandiko: volti 100. Sisi Kenya tunatumia volti 240. Ukiichomeka hivyo hivyo, utasikia harufu ya kuungua kabla ya kusikia muziki.

Muuzaji akasema, "Weka tu transfoma." Transfoma inapunguza volti, ni kweli. Lakini haibadilishi mzunguko wa umeme. Wetu ni hezi 50. Marekani ni hezi 60, na Japani inategemea eneo: mashariki 50, magharibi 60. Pleya nyingi za zamani zina mota inayofuata mzunguko huo. Iliyotengenezewa hezi 60 ukiileta hapa itazunguka polepole, na mwimbaji atasikika kama mtu aliyelala. Kwa hivyo tafuta kibandiko cha volti 220 hadi 240 na hezi 50.

Mambo mengine ya kukagua ukiwa palepale:

- Spidi. Santuri ndogo nyingi huzunguka mara 45 kwa dakika, kubwa 33. Nenda na santuri yako moja ukaijaribu.
- Mkanda. Ukiwa umelegea, muziki unayumba. Uliza kama mpya unapatikana.
- Mkono. Unyanyue polepole. Usikwame, usicheze-cheze.
- Spika zote mbili. Moja ikinyamaza, uliza kwa nini kabla ya kutoa pesa.
- Zile nzito za spidi ya 78. Kama Mzee alikuwa nazo, zinahitaji sindano nene ya aina yake. Usizicheze na sindano ya kawaida.

Namna ya kulipa bila presha

Safari hii mwenzetu alijiwekea sheria, na tungependa uzichukue kama zilivyo:

1. Hakuna dipoziti kwa kitu ambacho hujakishika. Hata kama kuna "wateja wengine watatu". Waache wanunue.
2. Jaribu kwanza, lipa baadaye. Kutaneni mchana, mahali penye watu na stima.
3. Lipia kwa till namba ya duka kama ipo. Jina la biashara litatokea kwenye simu yako.
4. Soma jina kabla ya PIN. Jina likiwa tofauti, simama. Laini ya wife, ya cousin, ya boss, yote ni sababu ya kusimama.
5. Lipa mara moja badala ya vipande vipande. Ada huhesabiwa kwa viwango, na kutuma kidogo kidogo mara nyingi huishia kuwa ghali zaidi.
6. Hifadhi ujumbe wa malipo na uombe risiti. Hata karatasi ya mkono yenye namba ya mashine inatosha.

Na kama wewe ndiye unayeuza, usiachilie mali kwa sababu umeonyeshwa meseji kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Ukishatuma kimakosa ama ukigundua umechezwa, tupigie dakika hiyo hiyo. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa, inakuwa ngumu sana. Aibu isikuchelewesha, mwenzetu alikaa usiku mzima akiona haya kutuambia, na hiyo ndiyo saa aliyoihitaji.

Kuunganisha na kuseti

Weka pleya juu ya meza imara iliyonyooka. Azima pima maji kwa fundi wa mjengo, ama utumie programu ya simu. Usiweke spika meza moja na pleya, na subwoofa iwe mbali kidogo sakafuni. Besi ikitikisa sindano, sindano hurudisha mtikiso huo kwa spika, na nyumba inaanza kunguruma.

Nyaya: nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Kutoka pleya ingia prii-ampu, kutoka prii-ampu ingia AUX ya amplifaya, kutoka amplifaya nenda kwa spika. Ukiona kawaya kembamba kanatoka kwenye pleya, hako ni ka ethi. Kafunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND. Bila hako utasikia mvumo kama friji.

Kama mkono una uzito wa kuzungusha nyuma, uzungushe hadi mkono uelee hewani wenyewe bila kupanda wala kushuka. Hapo weka namba kwenye sifuri, kisha zungusha hadi uzito ulioandikwa na watengenezaji wa katriji. Usikisie, na usiweke sarafu juu ya mkono kama walivyofanya watu wa zamani.

Santuri zenyewe zisafishe kabla ya kuzicheza. Brashi laini kwanza, kisha kitambaa laini chenye maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa petrol station kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri usije ukabeba asidi. Fuata mkondo wa mifereji, usilowanishe karatasi ya katikati. Spiriti usiiguse kabisa kwenye zile za 78, inaziyeyusha. Mwisho, zihifadhi zikiwa zimesimama, mbali na jua. Santuri iliyosahaulika kwenye gari mchana inatoka imejikunja kama chapati.

Nakuru, Oktoba

Alipeleka mashine nyumbani wikendi moja. Alichelewa kuianza kwa sababu stima ilipotea, wakanywa chai mbili. Ilipowaka, mamake alichagua santuri mwenyewe, bila miwani, kwa kuangalia rangi ya karatasi ya katikati.

Kulikuwa na mikwaruzo, lakini gitaa lilisikika, na sauti ilikuwa ile ile. Halafu katikati ya wimbo, muziki ukaisha. Mwenzetu akadhani kuna kitu kimeharibika, akaanza kukagua nyaya.

Mamake akacheka. "Hujaharibu kitu. Geuza, nusu nyingine iko upande wa pili. Babako ndiye alikuwa anaamka kugeuza."

Santuri ndogo nyingi za enzi hizo ziko hivyo: wimbo mrefu hugawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Siku hiyo kijana aliamka kugeuza mara nyingi.

Zile 6,000 hazikurudi, na hatutakudanganya kwamba zitarudi. Zilizobaki zililindwa na kusubiri miezi 8, fundi mmoja mwenye macho, na kusoma jina kwenye simu kabla ya PIN. Kama una boksi chini ya kitanda, anza na akiba mwezi huu, hata kama ni mia tano. Santuri zimengoja miaka mingi, zinaweza kungoja hadi ununue kwa utaratibu.

Na kumbuka: PIN yako ni yako peke yako. Hatutawahi kukupigia kuiuliza.