Bahati na Ujuzi katika Uwekezaji wa Hisa

Faida ya mwekezaji wa hisa hutokana na mambo mawili yaliyofumana: uamuzi wake mwenyewe, na mwenendo wa soko asiloweza kuliongoza. Kuyatenganisha ni kazi ngumu, maana hesabu za mwisho wa mwaka huonyesha faida au hasara, hazionyeshi chanzo chake.

Wanaoipa bahati uzito huanza na wingi wa watu. Tuseme mameneja 10,000 wa mifuko ya uwekezaji wanachagua hisa kwa kubahatisha tu, na kila mwaka nusu yao wanalishinda soko. Baada ya miaka 10 watabaki kama 10 ambao hawajashindwa hata mara moja. Hao wataitwa magwiji na siri zao zitatafutwa, ilhali siri haipo. Mwaka 1968 mchumi wa Marekani, Michael Jensen, alichapisha uchunguzi wa mifuko 115 kwa kipindi cha 1945 hadi 1964. Kwa wastani, mifuko hiyo haikumzidi mtu aliyenunua hisa za soko zima na kutulia nazo.

Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, mwekezaji Warren Buffett alimjibu Jensen. Alikubali kwamba watu wengi wakirusha sarafu, wachache watapatia mara 20 mfululizo. Ila washindi wengi wakitoka kijiji kimoja, alisema, hapo pana jambo la kuchunguzwa. Kijiji alichokusudia ni wafuasi wa Benjamin Graham, aliyefundisha chuoni hapo kununua hisa pale bei yake inapokuwa chini ya thamani halisi ya biashara. Wafuasi hao walinunua hisa za kampuni tofauti, hivyo haikuwa rahisi kusema kwamba waliigana. Kilichowaunganisha ni mbinu.

Hata hivyo, rekodi ndefu peke yake si ushahidi tosha. Mfuko wa meneja Bill Miller huko Marekani ulikishinda kipimo cha hisa za kampuni kubwa za nchi hiyo, yaani fahirisi ya S&P 500 kwa miaka 15 mfululizo, 1991 hadi 2005. Mwaka 2008, baada ya kununua hisa za taasisi za fedha zilizokuwa zikiporomoka, ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Gharama nazo huumeza ujuzi. Kuanzia 2008 hadi 2017 Buffett aliwekeana dau na kampuni ya Protégé Partners: yeye alichagua mfuko wa gharama nafuu unaofuata S&P 500, wao wakachagua mifuko mitano iliyogawa fedha kwa mameneja mahiri. Mfuko wa fahirisi ulikua kwa asilimia 125.8, lakini katika ile mitano hakuna uliofika asilimia 90. Ada za ngazi mbili, za mifuko hiyo na za mameneja wake, zilikuwa zimekula sehemu kubwa ya faida.

Kwa hiyo ujuzi upo, lakini ni adimu na huthibitika polepole. Katika mwaka mmoja au miwili bahati ndiyo yenye sauti kubwa. Anayemkabidhi mtu fedha zake asiangalie faida ya mwaka jana pekee. Aulize mbinu iliyotumika, hatari iliyobebwa na ada inayokatwa. Asiyepata majibu ya kueleweka, mfuko nafuu unaofuata soko zima unamfaa zaidi.