Mafiga Matatu Katika Jiko la Kitaliani

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndivyo walivyotuusia wazee wetu, nami nilipofika Nyeri mwezi wa Julai, meno yakigongana kwa baridi, sikuhitaji kukumbushwa. Nilifungua, nikaingia, wala sikukomea sebuleni. Binti wa dada yangu, aliyeolewa huko na kijana wa Kiislamu wa Kikuyu, aliniamkia kisha akaniongoza moja kwa moja hadi jikoni.

"Mjomba, tazama kwanza, kisha ndiyo useme," akaniambia, maana anaujua ulimi wangu.

Nikatazama. Kuta nyeupe za chokaa. Sakafu ya vigae vya udongo wa kuchoma, rangi yake kama chungu kipya. Darini, magogo ya mwerezi yameachwa wazi bila kufunikwa kwa mbao. Makabati ya milango hakuna. Ziko rafu tu, na juu yake vyungu, bakuli na kinu cha mawe. Thomu zimesukwa kama nywele za mwari na kutundikwa msumarini. Dirishani, rihani ndani ya kopo. Na pembeni, meko ya mawe ya kijivu yenye dohani ya kupandisha moshi.

"Hili ni jiko la wakulima wa Italia," akasema. "La huko Toscana, mashamba ya kati ya nchi yao. Niliona picha, moyo ukaniruka."

Basi hapo, msomaji wangu, nikajiuliza: wapi Toscana na wapi Nyeri?

WATALIANI WA MLIMANI

Kumbe si mbali kama nilivyodhani. Mapadre wa Consolata, waliotoka mji wa Torino kaskazini mwa Italia, walifika Tuthu katika nchi ya Murang'a mwezi wa Juni mwaka 1902, kisha wakaenea hadi Nyeri. Hospitali yao ya Mathari ingali ikitibu watu hadi leo.

Baadaye wakaja Wataliani wengine, nao hawakuja kwa hiari yao. Waingereza walipoyashinda majeshi ya Italia huko Uhabeshi mwaka 1941, mateka kwa maelfu waliletwa Kenya, na baadhi ya kambi zao zilikuwa Nyeri na Nanyuki. Mkuu wao, Amedeo, Duke wa Aosta, alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka, na amezikwa Nyeri, ndani ya kanisa la kumbukumbu ya wanajeshi wa nchi yake. Pamoja naye wamelazwa Wataliani zaidi ya mia sita.

Na yuko mateka mmoja, Felice Benuzzi, ambaye habari yake huwachekesha na kuwaliza watu. Mwezi wa Januari mwaka 1943 alitoroka kambi ya Nanyuki pamoja na wenzake Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakutaka kurudi kwao; walitaka kuukwea Mlima Kenya tu. Ramani hawakuwa nayo. Miongoni mwa vitu walivyovitegemea ni picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa chakula! Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe kupokea adhabu. Tazama basi namna mkebe wa jikoni ulivyowapandisha watu mlimani.

TAMBI NA SIMA

Wala tusiyaone mapishi ya Wataliani kuwa ni mambo ya ugenini matupu. Waarabu waliingia kisiwa cha Sicilia mwaka 827, na utawala wa Kiislamu ukadumu huko zaidi ya miaka mia mbili. Walipanda ndimu, miwa na mabiringani. Mwanachuoni al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa pili, ameandika kwamba Trabia, karibu na mji wa Palermo, palitengenezwa itriya kwa wingi, ikapakiwa majahazini na kuuzwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Itriya ni nini? Ni tambi hizi hizi, ambazo sisi twazipika kwa sukari na iliki. Na al-Idrisi huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, ameitaja miji yetu ya Malindi na Mombasa.

Ama Wataliani wa kaskazini, chakula chao cha tangu na tangu ni polenta: unga wa mahindi unaosongwa kwa mwiko mrefu ndani ya sufuria kubwa ya shaba, kisha ukamiminwa juu ya ubao na kukatwa kwa uzi. Mkikuyu akiiona atasema ni ugali, Mswahili atasema ni sima, na hakuna atakayekosea.

Kwa hakika yamo katika jiko la Mtaliani mambo yasiyotuhusu, kama mapaja ya nguruwe yanayoning'inizwa darini na mitungi ya mvinyo. Hayo binti yetu aliyaacha huko huko Toscana, nasi twamshukuru Mungu.

JIKO LA BIBI

Nilimwuliza nini hasa kilichomvutia katika picha ile. Akakaa kimya kidogo, kisha akanijibu: "Mjomba, niliiona picha ile nikamkumbuka bibi."

Hapo nikakaa kitako. Kuta za chokaa, boriti zimeonekana darini, vyungu vimepangwa, kinu na mchi pembeni, rihani uani: si jiko la mama yangu hilo, Lamu? Mtoto huyu ameishi Nyeri miaka tisa, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mahali ambapo mnazi haumei. Akitafuta kitu cha kwao kwa njia iliyokuwa karibu, akakipata katika picha ya ugenini. Sikuwa na la kumcheka tena.

Jambo la pili alilonifunza ni kwamba jiko la namna hii halipatikani kwa kununua vitu vya Italia, bali kwa kutumia vilivyo karibu nawe kama wakulima wa Italia wanavyotumia vyao. Mawe yake ni ya machimbo ya huko huko Nyeri. Magogo ya mwerezi ameyapata katika nyumba kuukuu iliyobomolewa, kwani kukata miti ya msituni bila kibali ni kosa. Mahali pa mapambo pana vyondo viwili kutoka soko la Karatina, na katika chungu kikubwa mna mchele wa Mwea.

Kwa atakayetaka kumwiga, nayaandika haya machache. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Fundi wake wa kwanza alipaka hivyo, na baada ya wiki chache ukuta ukabambuka kama ganda la yai. Ikabidi kukwangua chote na kuanza upya. Ukuta wa mawe au wa lipu ya chokaa uloweshwe maji kwanza, kisha upakwe chokaa nyepesi mara tatu au nne, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Vigae vya udongo visivyong'arishwa hunywa mafuta na mchuzi. Yafaa vipakwe mafuta ya kitani kabla ya kutumika. Sufuria za shaba zitiwe kalai ndani kabla ya kupikiwa vitu vyenye ndimu au nyanya, la sivyo zibaki ukutani kuwa pambo. Na dohani ipite juu ya paa, tena juu kuliko kipaa, ili upepo usiurudishe moshi ndani. Hili si la urembo. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

MJOMBA WA MAWE

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitia haya.

Jiko hili limejengwa pale pale palipokuwa jiko la mavyaa yake, banda la mbao lililojaa moshi, ambamo mama yule alipika na kukohoa miaka arubaini. Lilipobomolewa, binti alinipigia simu: afanye nini na mafiga matatu ya mama? Nami, mwenye kusoma na kuandika, nikajibu bila kufikiri, "Mawe hayo ya nini? Yatupwe." Yakatupwa nyuma ya banda la kuku.

Mama hakusema neno. Lakini jiko jipya lilipokwisha, hakulikanyaga. Miezi miwili alikula chumbani mwake peke yake. Akiulizwa, husema, "Ni zuri, mwanangu, lakini halina moto." Na moto ulikuwamo! Hata asubuhi moja binti alipochungulia dirishani, akamwona mama amechutama bombani, ayaosha mawe yale matatu kama mtu aoshaye mtoto.

Alitoka, akapiga magoti, akaomba radhi. Siku ile ile fundi akaitwa, na mafiga yakatiwa katikati ya meko ya Toscana, chini ya dohani. Wakikuyu huliita jiko riiko, na mawe huyaita mahiga. Sisi twasema mafiga. Lugha zetu zilikuwa zikituambia tangu zamani, hatukusikiliza.

Jioni ile nilimkuta mama ameketi hapo, githeri inatokota, ambayo sisi kwetu ni pure. Moshi ulikuwa ukipanda zake juu, na kifua chake kimetulia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika, akanitazama kwa kitambo. "Wewe ndiye mjomba wa mawe?"

Nikainamisha kichwa, nikasema ndimi, nikamwomba anisamehe. Akacheka, akanisogezea kigoda, akanipakulia wa kwanza kabla ya watu wote. Tukasema Bismillahi, tukala. Usiku ule, kabla sijalala, niliandika ubeti huu:

Nyumba haitii fora, kwa urembo wa ukuta,
Wala vyungu vya kung'ara, na sahani za kumeta,
Ni moyo ulio bora, wa wageni kuwaita,
Na hiyo ndiyo tijara, jikoni ya kutafuta.