Wali Usigandie Chini ya Sufuria

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, habari za kofia na viatu vya kazi tumekwisha kuzisema mara nyingi. Safari hii tuingie jikoni. Ukiwa na sufuria ya umeme ya kupikia wali, bila shaka umekwisha kuona ukoko ulioshikamana chini. Watu husema mashine ni mbaya. Mara nyingi mashine haina kosa.

Sikiliza jinsi inavyofanya kazi. Maji yakiwamo ndani, joto la sufuria halipiti joto la maji yanayochemka. Maji yakiisha, joto la chini hupanda upesi, sumaku iliyo chini ya sufuria hulegea, na kitufe huruka. Kampuni ya Toshiba ya Japani ilianza kuuza sufuria inayojizima yenyewe mwaka 1955, na aliyeijaribu kwa kupika wali siku baada ya siku alikuwa mama wa nyumba, Fumiko Minami. Lakini yeye hakupika Bogoro.

Huku kwetu tuko juu. Bunia imepita mita 1,200, na Bogoro iko huku huku juu, kabla barabara haijateremka kwenda Kasenyi. Kule ziwani, karibu mita 620, maji huchemka kwa nyuzi 98 hivi. Hapa huchemka kwa nyuzi 96. Kwa hiyo mchele wetu huiva polepole na huhitaji maji zaidi kidogo. Tena kitufe kimepangwa kuruka joto likipita nyuzi 100. Maji yetu yakiisha kwa nyuzi 96, chini huendelea kukauka kabla kitufe hakijaruka. Ndiyo sababu shemeji yako wa Kasenyi halalamiki na wewe unalalamika.

Basi fanya hivi. Osha mchele mara tatu, mpaka maji yawe karibu meupe, maana ule unga wa mchele ndio gundi yenyewe. Kwa vikombe 3 vya mchele tia vikombe 5 vya maji. Mchele mpya wa shambani punguza maji kidogo, kwa kuwa bado una unyevu wake. Ongeza chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Pangusa sufuria ya ndani kwa nje, ikauke kabisa, ndipo uiweke. Kitufe kikiruka, usifunue! Ngoja dakika 15. Mvuke hurudi chini na kulainisha ukoko, na wali huachia wenyewe. Pakua kwa mwiko wa mbao.

Wako watu wanaokibana kitufe kwa kijiti kisiruke, eti wali uive vizuri. Hiyo ni njia ya kuunguza nyumba. Acha kabisa.

Ukoko ukishika, chomoa waya wa umeme, toa sufuria ya ndani, tia maji ya vuguvugu, ngoja saa moja, kisha osha kwa kitambaa. Ukikwaruza kwa kisu au waya wa chuma, ule utando mweusi hutoka, na tangu siku hiyo wali utagandia kila siku.

Sasa jambo linalotuhangaisha sisi wa dispensari. Nyumba nyingine hawapendi kutupa ukoko. Hutia maji, huulaza humo sufuriani, asubuhi huupasha moto kwa watoto, au baba hubeba kwenda kazini. Katika mchele mna kijidudu kiitwacho Basilasi sereusi. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, huamka, huzaa, hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena mpaka uchemke. Wala usitegemee pua yako, kwa maana wali huo waweza kuwa haunuki kitu. Kati ya nusu saa na masaa sita mtu huanza kutapika. Wengine huharisha baadaye. Mtoto mdogo hukaukiwa maji mwilini. Na mtu anayetapika akiwa shimoni au juu ya mashine, je, wenzake wako salama?

Utasema, sufuria yangu huweka wali moto usiku kucha. Ni kweli, umeme ukiwapo. Ukikatika usiku na kurudi alfajiri, utaukuta wali una moto, nawe hujui ulikaa masaa mangapi ukipoa. Wali wa namna hiyo mwaga. Kama huna friji, pika wa kutosha mlo mmoja tu. Wa kazini upikwe asubuhi ile ile.

Anayepikia makala naye asijione ametengwa. Maji yakikaribia kuisha, ondoa makala mengi chini ya sufuria, funika wali kwa jani la ndizi, weka kifuniko juu yake na ngoja dakika 15 zile zile. Jiko la makala lisiingizwe chumbani mnamolala, hata kama mvua inanyesha.