Fahamu: UTI au kichocho? Mkojo unaochoma katika bonde la Kilombero

Msimu wa mpunga, wanawake wengi wa Ifakara, katika bonde la Kilombero, hushinda shambani tangu alfajiri. Choo kiko mbali na maji ya kunywa ni kidumu kimoja, basi mkojo hubanwa mpaka jioni. Mkojo ukikaa muda mrefu kibofuni, bakteria hupata nafasi ya kuzaliana na kuleta UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Mara nyingi bakteria hao ni E. koli, wakazi wa kawaida wa utumbo. Mrija wa mkojo wa mwanamke una sentimita 4 hivi, wa mwanamume karibu 20. Ndiyo maana kina mama huugua zaidi. Si uchafu wa tabia, na choo cha umma husingiziwa mno.

Kilombero kuna mtego mwingine: kichocho. Nacho huleta maumivu na damu kwenye mkojo, ila husababishwa na minyoo ambao mabuu yao hupenya ngozi ya anayeingia kwenye maji yenye konokono. Antibaiotiki haziwaui, dawa yake ni prazikwanteli. Anayebahatisha vidonge vya dukani, tena nusu dozi, huenda anatibu ugonjwa asio nao huku akiwazoesha bakteria dawa.

Ili kujikinga na UTI, kunywa maji ya kutosha, kojoa baada ya tendo la ndoa, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Homa, kutapika na maumivu ya ubavuni huashiria kuwa figo zimeguswa. Na mjamzito asingoje: aende kupima mkojo leo, iwe zahanati ya jirani au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara.