Wiki Sita za Kumtibu Mgonjwa wa Akili Nyumbani

Kijana wa Lupaso, wilayani Masasi kusini mwa Tanzania, akikesha usiku wa nne mfululizo akizungumza na watu wasioonekana, ukoo hugawanyika. Mjomba anasema apelekwe kwa mganga wa jadi, mama anataka maombi, majirani wanatafuta kamba. Anayetaja hospitali huwaza Mirembe, iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927. Kutoka Masasi kupitia Dar es Salaam, hiyo ni safari ya kilomita zipatazo elfu moja. Lakini wengi wa wagonjwa hawa wanaweza kutibiwa papo hapo nyumbani, wakipata huduma ya karibu kwa wiki chache za mwanzo.

Nchini Uingereza, mpango wa afya wa mwaka 2000 uliagiza ziundwe timu za kuwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani. Afrika ilikwisha kuielewa hekima hiyo zamani. Mwaka 1954, Dk. Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wake katika vijiji vya Aro, Nigeria, kila mmoja pamoja na ndugu yake. Tanzania nayo ilikuwa na vijiji kama Hombolo na Vikuruti, ambako wagonjwa walilima huku wakitibiwa.

Kazi ya kumtibu mgonjwa nyumbani huanza kwa kuupima mwili. Malaria kali, sukari kushuka, maambukizi ya ubongo au jeraha la kichwa huweza kumchanganya mtu ghafla, na kila moja lina tiba yake. Kusini kwetu, uliza pia habari za pombe. Aliyekunywa uraka au gongo kila siku msimu mzima wa mabibo, kisha akaacha ghafla, baada ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kuona visivyoonekana na hata kupata degedege. Huyo apelekwe hospitali haraka, kwa sababu hali hiyo huua.

Wiki ya kwanza, muuguzi wa afya ya akili au mganga wa zahanati humwona mgonjwa kila siku. Lengo la kwanza ni alale. Dawa humezwa mbele ya ndugu mmoja aliyechaguliwa, na wageni hupunguzwa. Mapanga, kamba na dawa za kupulizia mikorosho hufungiwa mbali. Mgonjwa huambiwa waziwazi anachopewa na sababu yake, kwa sauti ya upole, wala habishaniwi kuhusu anayoyasikia.

Ziara hizi za kila siku zina faida ambayo wengi hawaijui. Haloperidoli, dawa inayotumika sana, inaweza kukakamaza shingo au kupindisha macho juu. Familia ikiona hivyo husema dawa inamuua, nayo hutupwa. Muuguzi anayerudi kesho yake hupunguza kipimo au huongeza dawa ya kulegeza misuli, na tiba inaendelea. Mgonjwa aliyepewa vidonge vya mwezi mzima akaambiwa arudi tarehe fulani hukosa msaada huo siku anayouhitaji zaidi.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya sita ziara hupungua. Mgonjwa hurudishwa taratibu kwenye kazi nyepesi, kisha hukabidhiwa kliniki ya kawaida, kwa vidonge au sindano ya kila mwezi. Katika kipindi hiki mjomba ashirikishwe, maana kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde neno lake ni zito. Familia ikitaka pia mganga wa jadi, tusigombane naye. Tumwombe mambo matatu: asimfunge mgonjwa, asimnyime chakula, asimwachishe dawa.

Nyumbani hapamfai kila mgonjwa. Anayetaka kujiua, anayetishia maisha ya wengine, anayekataa maji na chakula, mama aliyejifungua karibuni akachanganyikiwa, au asiye na ndugu wa kumwangalia, wote hao wafikishwe haraka hospitali, iwe Mkomaindo mjini Masasi au Ndanda.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Masasi iutumie. Wahudumu wa vijijini wafundishwe kutambua dalili za ugonjwa wa akili, muuguzi apewe pikipiki na mafuta, na dawa zisikosekane zahanati. Hayo yako ndani ya uwezo wetu.

Nawe msomaji, ndugu yako akikosa usingizi siku mbili tatu, akaanza kujitenga au kusema yasiyoeleweka, mwite mhudumu wa afya kabla hujaita majirani. Kamba haijamponya mtu yeyote. Anayetibiwa mapema, kwao, akiwa na watu wake, ana nafasi kubwa ya kurudi shambani msimu huohuo.