Laptopu Kongwe Inapolilia Programu Dhibiti

Mtu aliyekaa na laptopu yake kwa miaka kumi na zaidi, akaizoea kama seremala anavyoizoea randa yake, siku anapoazimia kuuhamisha mfumo endeshi wake kutoka toleo kongwe hadi toleo jipya, aghalabu hupokewa na mistari myeupe inayoteremka mbio juu ya kioo cheusi, huu ukitaja hitilafu, ule ukidai kwamba faili fulani la programu dhibiti halipo. Naye, maadamu hajui lipi zito na lipi jepesi, hufazaika, akakimbilia dawa ya kwanza aliyoelekezwa. Nimeshuhudia laptopu ikiuawa na dawa ya maradhi ambayo haikuwa nayo, na kwa hiyo naona ni faradhi kueleza kilio kipi ni cha kweli na kipi ni cha kupuuzwa.

Neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifasiri kwa jina la programu dhibiti lilibuniwa na Ascher Opler mwaka 1967, naye alikusudia maagizo yanayokaa baina ya mashine yenyewe na programu za kawaida. Katika laptopu maagizo hayo yana makao mawili. Ya kwanza ni chipu iliyolehemiwa katika bodi kuu, ambamo hukaa BIOS, au mrithi wake UEFI, inayoamka kabla ya kitu chochote, ikakagua viungo vya mashine, kisha ikaukabidhi mfumo endeshi usukani. Ya pili ni diski: kwa kuwa vipande kama kadi ya waifai vina ubongo mdogo wa kwao lakini aghalabu havina hifadhi ya kudumu ya kuwekea maagizo yao, kila laptopu inapowashwa keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, hulazimika kuvisomea maagizo hayo upya kutoka katika folda ya /lib/firmware, mithili ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake husahau kila usiku yote aliyofunzwa mchana.

Tuchukue ThinkPad X220, laptopu ya mwaka 2011 ambayo hata leo ni imara, yenye kadi ya waifai ya Intel Centrino Advanced-N 6205, na mwenyewe anataka kuitoa toleo la 11 la Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, aipeleke toleo la 12. Kadi hiyo haifanyi kazi bila ya faili liitwalo iwlwifi-6000g2a-6.ucode, na faili hilo, kwa kuwa msimbo wake wa asili haukutolewa hadharani, liliwekwa na Debian katika ghala la pembeni la programu zisizo huru, yaani «non-free». Wasanidi wa Debian walipiga kura mwaka 2022, wakaridhia programu dhibiti za namna hii ziingizwe katika diski rasmi za usakinishaji, na toleo la 12 lilipotoka Juni 2023 zilikwisha kuhamishiwa ghala jipya lenye jina «non-free-firmware».

Hapo ndipo ulipo mtego, nao ni wa hila kwa sababu haunasi siku ile ile. Mtu akihamia toleo jipya asiliandike jina la ghala hilo katika /etc/apt/sources.list, faili lake la zamani hubaki mahali pake na waifai huendelea kama kawaida; lakini siku atakapotii nasaha njema ya kufagia vifurushi vilivyopitwa na wakati, kifurushi cha firmware-iwlwifi huonekana yatima, kwani hakuna ghala analolijua linalokidai, nacho hufagiwa pamoja na takataka. Akizima na kuwasha, waifai imetoweka, na dawa yake iko kwenye intaneti ambayo haipati tena. Hapa waya wa mtandao huokoa, kwani tundu lake katika laptopu hii halihitaji faili lolote la namna hiyo; au simu iunganishwe kwa waya wa USB igawe intaneti yake. Kisha aliongeze jina «non-free-firmware» baada ya «main», na kwa apt, programu ya Debian ya kusimamia vifurushi, aendeshe apt update, halafu apt install firmware-iwlwifi, awashe upya.

Kinyume chake, wakati wa kuhamia toleo jipya huweza kutokea orodha ndefu ya maonyo ya «huenda programu dhibiti haipo» kwa jina la i915, ambacho ni kiendeshi cha michoro cha Intel. Hizo ni faili za vizazi vya chipu kuanzia 2015, nazo hutajwa kwa kuwa kiendeshi kimoja huvihudumia vizazi vingi. Laptopu ya 2011 haina haja nazo hata kidogo. Kipimo cha haki ni amri ya dmesg baada ya kuwasha: kama kuna kifaa kilichoshindwa kupakia faili lake, na kifaa hicho hicho hakifanyi kazi, basi kilio ni cha kweli. Malalamiko ya ACPI, yaani kanuni za umeme na usingizi zilizotungwa tangu 1996, nayo mara nyingi ni makosa madogo ya mtengenezaji katika majedwali ya BIOS ambayo keneli huyataja na kupita.

Nisisahau betri ndogo ya saa: ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na apt hukataa maghala yote kwa hoja kwamba hati zake bado hazijaanza kuwa halali.

Kuisasisha BIOS yenyewe naiweka mwisho kabisa, pale tu mtengenezaji anapotaja kwamba toleo lake jipya linaondoa tatizo lile lile ulilo nalo. Laptopu kongwe aghalabu betri yake kubwa imekwisha kufa na huishi kwa waya wa ukutani tu, ilhali kazi hii ya dakika chache haistahimili kukatizwa. Umeme ukikatika katikati, chipu hubaki na nusu ya maagizo, na mashine haiwaki tena mpaka apatikane fundi mwenye kibanio cha kushika miguu ya chipu hiyo na kuiandika upya kutoka kompyuta nyingine.